Kizibao cha Senta

Mtaani kwetu kuna mafundi cherehani wanne. Watatu hupima watu. Wa nne hutazama tu.

Unaingia kibandani kwake na kitambaa chako kwapani, unatoa salamu, naye anakuangalia mara moja tangu shingoni hadi visiginoni kwa jicho la mnunuzi wa ng'ombe, kisha anainama kwenye daftari na kuandika: mabega hivi, kifua hivi, kiuno, na hapo huguna kidogo, hivi. Imetoka hiyo. Futi ya kupimia hushinda inaning'inia shingoni mwake, lakini kazi yake ni kama ya tai ya mwalimu mkuu, kuonyesha nani ni nani. Na nguo inakaa. Nimewahi kumwona mtu mzima aliyekuja kulalamika kwamba suruali inambana akitoka ameomba radhi, maana fundi alimtazama tena akamwambia, "Suruali haijabadilika, baba. Wewe je?"

Jina lake la mtaani ni Mkasi. Wateja wageni hudhani limetokana na kazi. Limetokana na uwanja wa nyuma ya shule, ule wa udongo wenye mistari ya chokaa, ambako kila Jumamosi kwa miaka ishirini na miwili aliruka kuufuata mpira wa pete huku miguu ikifunguka hewani kama mkasi unaotafuta kitambaa, akaudaka, akatua kwa mguu wa kulia, mmoja tu, umenyooka kama nguzo ya simu. Watu walikuwa wanaacha sufuria jikoni waje kuona kutua kule. Sufuria kadhaa ziliungua.

Timu yao inaitwa Machachari, na yeye alikuwa senta. Senta, kwa wale mliokuwa mnakwepa michezo shuleni kwa vyeti vya uongo, ndiye anayeanzisha mpira filimbi ikilia, ndiye anayekimbia karibu uwanja mzima, na ndiye mchezaji pekee ambaye sheria inasema timu haiwezi kucheza bila yeye. Mkasi aliipenda sana sheria hiyo. Aliinukuu hata nyumbani, kwenye mazungumzo yasiyohusu mpira. Kizibao chake chenye herufi C kifuani alikishona mwenyewe, mshono juu ya mshono, na hakuna mwingine aliyewahi kukivaa. Vingine sita hufuliwa pamoja kwenye beseni moja. Chake kilifuliwa peke yake, kama mtoto wa mwisho.

Siku yenyewe walikuwa wanacheza na wanawake wa benki. Hawa ni watu wazuri ukikutana nao mmoja mmoja. Wakiwa saba wana viatu vinavyofanana, chupa za maji zinazofanana na dharau zinazofanana. Robo ya tatu, Mkasi akapaa, akadaka, akatua. Mwili ukageuka kumtafuta mfungaji. Goti halikuwa na habari. Likabaki linatazama kulekule lilikokuwa linatazama. Mlio ulifika hadi kwenye benchi.

"Nani amechanika?" Mkasi akauliza, yeye mwenyewe akiwa chini, kwa kuwa sikio la fundi halina likizo.

"Hakuna nguo iliyochanika, dada," akasema mwenzake mmoja wa Machachari, aliye nesi, akipiga magoti.

"Basi ni mshono wa wapi huo? Nimesikia uzi ukikatika."

Mpira bado alikuwa ameukumbatia. Mwamuzi akatazama saa yake, akapuliza filimbi, akawapa mpira watu wa benki, maana mwenye mpira haruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu, na sheria haikusema kitu kuhusu walio katika maumivu. Mkasi alibishia uamuzi ule hadi mlango wa gari ulipofungwa. Hadi leo anaubishia.

Daktari alikuwa kijana mwenye goti la plastiki juu ya meza.

"Kano limekatika, mama."

"Lishone."

"Tutalishona. Utatembea, utapanda ngazi, utakanyaga cherehani yako vizuri tu. Ila mpira basi."

"Basi mpaka lini?"

"Basi."

Mkasi akalichukua lile goti la plastiki, akaligeuza, akalikagua kwa ndani kama anavyokagua koti lililoshonwa na fundi mwingine. "Kona kali namna hii," akasema, "kitambaa kidogo namna hii. Aliyeshona hii alikuwa na haraka." Alisema bila kutabasamu, na daktari akaona afadhali asome faili.

Mume wake ni kinyozi, na kibanda chake kimegawana ukuta na cha mkewe. Ni mtu mpole anayeamini kila anachoambiwa na aliyekaa kwenye kiti chake, kwa hoja kwamba mtu aliyewekewa wembe shingoni hana sababu ya kudanganya. Kwa hiyo baada ya upasuaji kila jioni alirudi nyumbani na tiba mpya: barafu, maji ya moto, barafu ndani ya maji ya moto, kulala umegeukia ukuta, kulala umeupa ukuta mgongo. Mkasi alivumilia yote. Siku aliyoambiwa kwamba kuna mteja mmoja aliyepona goti baada ya kunyoa kipara, alimtazama mumewe kwa jicho lile la kupimia, na tiba zikakoma.

Timu nayo ikafanya kikao, na kama ilivyo kawaida ya vikao, ikatoa cheo. Mkasi akawa Mlezi wa Timu. Mlezi ni mtu ambaye hatuna kazi naye tena lakini tunamwogopa. Cheo kilikuja na kiti cha plastiki chenye mikono, kikawekwa pembeni mwa mstari, peke yake, wengine wote wakiwa wamesimama. Jumamosi ya kwanza alikikalia dakika kumi. Akasema anaumwa kichwa. Jumamosi ya pili hakwenda. Akasema ana kazi nyingi, na kweli alikuwa nazo: alikuwa anafumua na kushona upya pindo la pazia ambalo halikuwa na kosa lolote.

Cherehani yake ni ya kukanyaga, na mguu uliozoea kukanyaga ulikuwa ule ule wa kulia. Akajaribu wa kushoto. Cherehani ya kukanyaga ukiianza vibaya gurudumu linarudi nyuma, na uzi unakatika. Wiki nzima tulisikia kutoka kibandani: tak-tak-tak, kisha kimya, kisha neno ambalo sitaliandika, kisha tak-tak-tak. Mwezi wa pili akarudisha mguu wa kulia, taratibu, na uzi ukaacha kukatika. Watu wakasema fundi amepona. Watu husema mengi.

Mahali pake uwanjani Kocha alimpa binti anayeuza kwenye duka la dawa. Kwa kuwa ni mfupi, mviringo na anauza dawa, mtaa haukuhangaika kutafuta jina: Kidonge. Kila asubuhi Kidonge alipita kibandani na dawa ya maumivu iliyofungwa kwenye karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka hapo."

Hakuinua uso. Miezi mitatu, asubuhi kwa asubuhi, weka hapo. Mwanamke anayeweza kukwambia kiuno chako kutoka ng'ambo ya barabara hakumtazama yule binti hata mara moja.

Na kizibao cha C kilikuwa hakionekani.

Kocha, ambaye mchana hufundisha watu kuendesha magari na jioni hufundisha mpira kwa lugha ile ile, alikwenda kukiomba mara mbili.

"Fundi, kile kizibao."

"Kimepotea."

"Kitafute basi. Gari haliwezi kutoka bila namba."

"Nikikiona nitakwambia."

Kidonge akawa anacheza na C iliyoandikwa kwenye karatasi na kubanwa kwa pini. Mechi ya pili karatasi ikalowa jasho, ikabaki kitu kama O iliyong'atwa, na mwamuzi, yule yule wa sekunde tatu, akasema mechi ijayo hataki kuona karatasi. Kizibao halali au hakuna senta. Na hakuna senta, hakuna mechi.

Mahali kilipokuwa kizibao mumewe alikuwa anapajua. Aligundua kwenye harusi ya jirani. Mkasi alivaa gauni jeupe jepesi, wakasimama juani kusubiri picha, na kinyozi alipomgeukia mkewe akaona kifuani, chini ya kitambaa cheupe, herufi C ikichungulia kama mtoto nyuma ya pazia. Akavua koti lake akamvika mabegani.

"Kuna baridi," akasema.

Jua lilikuwa linapasua mawe. Mkasi akafunga vifungo vyote vya lile koti, kimoja kimoja, wakapigwa picha hivyo.

Kocha alirudi mara ya tatu, safari hii kwa akili. "Fundi, tumeamua kuviacha vile vya zamani vyote. Tunataka seti mpya. Vizibao saba, kabla ya Jumamosi. Tunacheza na benki."

"Benki?" Mkasi akaacha sindano. "Acha kitambaa hapo."

Alishona siku nne. Hakumwita mtu kupimwa, na nani angetegemea amwite? Miili ile alikuwa anaijua kuliko wenyewe. Alikata cha nesi mabega mapana, cha msusi kifupi kidogo maana hapendi kifunike mkanda wake, cha mlinzi wa nyuma akakiongezea nafasi bila kumwambia mtu, kwa siri ambayo mlinzi mwenyewe alikuwa bado hajamweleza mumewe. Cha saba akakishona mwisho, Ijumaa jioni, mkono ukienda wenyewe. Akavikunja, akavituma.

Jumamosi kinyozi akafunga kibanda mapema. "Twende ukaone kazi yako," akamwambia mkewe.

"Kazi yangu naijua."

"Mimi siijui. Nipeleke."

Akaenda, akachechemea, akakikalia kiti cha plastiki na futi shingoni na safu ya pini kwenye ukosi wa blauzi, kama jenerali aliyestaafu na nishani zake. Upande wa pili watu wa benki walikuwa wanajinyoosha kwa mpangilio, kushoto wote, kulia wote.

Machachari wakavaa vizibao vipya. Sita vilikaa kama vimezaliwa nao. Kisha Kidonge akavaa chake.

Kilimfika mapajani. Mabega yalimwangukia hadi karibu na viwiko, na herufi C ikatua tumboni. Alionekana kama mtoto aliyevaa shuka. Upande wa benki kukatokea kicheko, nacho kilikuwa kimefanana.

"Huyu ni senta au ni hema?" mmoja akauliza.

Kwa Machachari hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazamana. Waliwahi kufungwa, waliwahi kunyeshewa, waliwahi kucheza watano. Hili hawakuwahi kuliona. Nesi ndiye aliyethubutu, kwa sauti ya chini.

"Fundi amekosea kipimo?"

Mkasi alisikia. Akakitazama kile kizibao. Upana wa mabega aliujua. Urefu aliujua. Aliujua hata ule mshono wa kwapa alioushusha kidogo kwa ajili ya mtu anayeinua mikono juu sana anaporuka. Alikuwa ameushona mwili wake mwenyewe.

"Mama," akasema Kidonge, ambaye alikuwa amejikunja kama mwenye kosa ni yeye, "naweza kukikunja kwa ndani, hakuna shida, nitakishika hivi..."

"Utadaka mpira kwa mkono gani?" Mkasi akainuka. "Kocha! Dakika ngapi?"

"Kumi! Kumi tu, fundi, injini imeshawashwa!"

"Zinatosha. Njoo hapa, wewe."

Kisha akafanya jambo ambalo mtaa haukuwahi kulishuhudia. Alishusha futi kutoka shingoni akampima mtu. Mabega. Kifua. Bega hadi nyonga. Alimzunguka yule binti akichechemea, pini mdomoni, akibana huku na kule, na ili umbane mtu pini huna budi kumtazama. Akamtazama. Na alipofika chini, macho yakasimama kwenye miguu.

"Simama sawa."

"Nimesimama, mama."

"Umesimama mguu mmoja. Wa kulia. Umelifunga goti kama mlango. Umejifunza wapi kusimama hivi?"

Kidonge akatazama vidole vyake vya miguu.

"Sema, nina pini mdomoni."

"Kwako."

"Kwangu lini? Mimi sijakufundisha hata kufunga kifungo."

"Nilikuwa nakaa juu ya ukuta wa shule. Kila Jumamosi, tangu niko darasa la nne. Nikirudi nyumbani naruka kutoka kwenye ngazi, natua na mmoja. Kama wewe."

Mkasi akatoa pini mdomoni, zote, akazichomeka ukosini.

"Ruka."

"Sasa hivi?"

"Ruka nikuone."

Kidonge akashika shuka lake, akaruka. Akapaa kuliko mtu yeyote angetarajia kutoka kwa umbo lile. Akatua kwa mguu wa kulia, mmoja tu, umenyooka. Mkasi akafumba macho kama mtu anayengoja mlio. Mlio haukuja. Akayafumbua.

"Sasa nisikilize vizuri," akasema, na sauti ilikuwa ya kibandani, ya mambo ya kweli. "Ile niliyokuwa nafanya mimi ilikuwa makosa."

Nesi aligeuka. Hata Kocha aliacha kutazama saa. Makosa mawili ya fundi ndani ya dakika tano, na la pili kalikiri mwenyewe.

"Ilikuwa tamu," Mkasi akaendelea. "Sitakudanganya. Ukitua hivyo na watu wakapiga kelele, unajiona una mabawa. Lakini makosa. Goti ni kama mshono wa kwapa, ukilinyima nafasi linachanika siku unayolihitaji. Tua na miwili. Kunja. Kama mtu anayetaka kukaa akaona kiti kichafu. Ruka tena."

Kidonge akaruka.

"Kiti kichafu! Sio kaburi! Tena."

Akaruka tena, huku Mkasi akiwa ameinama anapiga bandi, ile mishono mirefu ya haraka ya kushikilia nguo kwa muda, sindano ikiingia na kutoka kwenye bega lililokuwa linapanda na kushuka. Ni fundi mmoja tu duniani anayeweza kumshonea mtu anayeruka, na nina hakika naye hapendekezi.

"Nikisahau je?" Kidonge akauliza, akihema. "Mpira ukija juu?"

"Ukisahau nitakuita kwa sauti ambayo hutaipenda."

Akakata uzi kwa meno. C ilikuwa kifuani, mahali pake. Akaipiga kofi moja, kama watu wanavyopiga mlango wa gari kumruhusu dereva aondoke, na filimbi ikalia.

Sauti ile kweli hatukuipenda. "Miwili! Miwili, weee! Kiti kichafu!" Alianza akiwa amekaa, akamaliza amesimama nyuma ya kiti, amekishika mgongo kama mkongojo, anakisukuma mbele kila mpira ulipokwenda mbele, hivi kwamba kufikia robo ya nne Mlezi wa Timu alikuwa ndani ya mstari na mwamuzi akamwonya. Mkasi akamjibu kwamba ana jambo lake la sekunde tatu wakae walizungumze. Kocha naye alikuwa anapiga kelele za kushusha gia. Kidonge alisahau mara nne. Mara zilizobaki alitua kwa miwili, akakunja, akatoa mpira, na mara moja aliudaka juu ya kichwa cha yule aliyeuliza habari za hema.

Walifungwa. Kwa tofauti ya mabao mawili. Ningependa kuandika vingine, lakini nusu ya timu ya benki husoma, na wangeleta barua.

Jumatatu asubuhi Kidonge akapita kibandani na kile kizibao mkononi, bandi zimeanza kuachia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mkasi akainua uso. "Ulilala vibaya. Na umepungua kiuno. Lete hapa."

Akafumua zile bandi uzi kwa uzi, akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika vipimo kwa kalamu ya wino, ambayo huitumia kwa wateja wa kudumu tu. Kisha akaanza kukanyaga, mguu wa kulia, polepole, na bila kugeuka akasema, "Usisimame bure. Panda hiyo ngazi ya mlangoni, ruka." Kwa hiyo tangu siku hiyo mtaa una mlio mpya wa asubuhi: tak-tak-tak, kisha pu! ya mtu anayetua, kisha "Kunja!" Ukuta wa kinyozi hutikisika, na wateja wake wawili wameshakatwa kidogo. Hawalalamiki. Wana wembe shingoni.

Jioni moja kinyozi akamuuliza mkewe, kwa uangalifu, kama mtu anayenyoa karibu na sikio, "Na kile cha zamani? Hutampa?"

"Cha zamani hakiguswi," Mkasi akasema. "Yeye ana chake."

Jumamosi iliyofuata alichagua blauzi nyeupe. Si ile nzito ya kazini. Nyepesi, ya kitambaa ambacho yeye mwenyewe huwaonya wateja kwamba kinaonyesha. Akajitazama kwenye kioo kirefu cha kibandani, mbele, ubavu, mbele tena. Herufi ilisomeka vizuri tu, hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Kinyozi alikuwa mlangoni anangoja, koti limening'inia mkononi.

"Nikuvike?" akauliza.

"La nini?" Mkasi akachukua futi yake, akaitundika shingoni. "Baridi iko wapi?"